Vitabu Visivyo na Mhuri

Wifi yangu ni mwoga. Kaka yangu alipomleta nyumbani mara ya kwanza, mama alimuuliza jina, naye akaangalia mlango kabla ya kujibu, kana kwamba jina lina adhabu. Lakini mtu mwoga ndiye anayefaa kutunza stoo ya vitabu. Miaka kumi na tisa ametunza stoo ya chini ya maktaba ya chuo, mimi nikifagia ngazi za jengo hilohilo, na hakijapotea hata kijitabu. Mpaka vilipopotea thelathini na viwili kwa mpigo.

Mkuu wa maktaba alitaka nafasi ya kuweka kompyuta. Akampa wifi kikaratasi alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe: kitabu chochote ambacho hakijagongwa mhuri wa kuazimwa kwa miaka kumi, kitolewe, kiende kwa mnunuzi wa karatasi chakavu. Wifi akawa anafungua ukurasa wa mwisho wa kila kitabu, anatazama tarehe, anatoa.

Sasa, rafu ya mwisho ilikuwa na vitabu vyekundu vya mwalimu mmoja wa historia. Wanafunzi wamembandika jina la Nani Alikuwepo, maana ukimsimulia jambo lolote, hata lako la jana, atakuuliza, "Nani alikuwepo?" Anafundisha habari za Wagiriki na Warumi wa kale, huko ustaarabu wa Magharibi ulikoanzia, na hataki mwanafunzi amletee maneno ya mtu aliyesoma kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Anataka maneno ya wenyewe: sheria zao, barua zao, kesi zao, yale waliyoyaandika wakiwa hai. Vyanzo vya kwanza, ndivyo anavyoviita. Na vyote vilikuwa ndani ya vile vitabu vyekundu, vimetafsiriwa. Kwa kuwa ni adimu, haviazimwi. Vinasomwa palepale, mbele ya macho ya wifi, kisha vinarudi rafuni. Kisichoazimwa hakigongwi mhuri. Umeona shimo lilipo?

Wifi aliliona. Vitabu vile kavibeba kila mwaka kwa mikono yake. Moyo ulimwambia panda juu ukaulize. Woga ukamwambia amri ni amri. Akavitia kwenye viroba.

Ijumaa asubuhi mwalimu akashuka stoo kutafuta vitabu vya somo lake, akakuta rafu imebaki vumbi. Akapanda kwa mkuu. Mkuu akasema yeye hajaagiza kitu kama hicho, mtunza stoo kajiamulia, na Jumatatu aje ajieleze mbele ya kamati.

Nilimkuta wifi amekaa kwenye ngazi niliyotoka kudeki, sketi imelowa na hana habari.

"Wifi, nimekwisha."

"Aliyekwisha hatetemeki. Kile kikaratasi cha mkuu kiko wapi?"

"Nilikuwa nakiwekea alama. Nikiacha kazi, nakichomeka kwenye kitabu nilichofikia."

"Na cha mwisho ulifikia kipi?"

"Chekundu."

Hapo na mimi nikaliweka dekio chini. Kaka yangu mgongo umemlaza mwaka wa pili huu. Nyumba ile inakula kwa mikono ya wifi.

Tukaenda mchana uleule. Kwa mnunuzi karatasi zimepanda mpaka kwenye mabati, na katikati kuna mashine inayozibana ziwe matofali. Kila ilipobana, wifi alifumba macho.

"Tunatafuta vitabu vyekundu," nikamwambia mwenye mali.

"Mama, hapa hakuna vitabu, kuna karatasi. Magamba tunayachana tukipokea."

Basi wekundu haukuwapo tena. Lundo zima ni karatasi nyeupe zilizo uchi, na mimi elimu yangu ya darasa la saba ingenifikisha wapi? Wifi akapiga magoti. Akachukua bunda, akasoma mstari, akaweka pembeni. Akachukua lingine.

"Hili letu. Huyu ni yule mjane anayemshitaki shemeji yake kwa ajili ya kisima."

"Unawajua?"

"Miaka yote hiyo nilikaa nao, nisiwajue?"

Tulifikisha ishirini na sita. Kikaratasi hakuna. Nikageuka, nikaona wafanyakazi wanasukuma bunda jingine mdomoni mwa mashine, na wifi, huyu anayeogopa kengele ya mlangoni, amesimama mbele yake amenyoosha mikono.

"Zima," alisema. Sauti ilikuwa ndogo sana, lakini wakazima.

Kilikuwa humo, kimekunjwa mara mbili.

Jumatatu nilideki ukumbi wa kamati kwa nje, mlango ukiwa wazi kidogo. Sakafu ile haijawahi kung'aa vile. Nikamsikia mkuu, "Hakuna aliyemwagiza."

Nani Alikuwepo akauliza swali lake.

"Mimi nilikuwepo," wifi akasema. "Na hiki hapa kilikuwepo."

Karatasi ikakunjuliwa. Halafu mwalimu, "Huu mwandiko wa nani?"

Mkuu alisema ni kutoelewana tu. Hakufukuzwa mtu. Vitabu ishirini na saba vilishonwa upya kwa kitambaa cheusi, vitano vimekwenda na maji. Mkuu bado yuko juu, na siku hizi anamsalimia wifi taratibu, anamuuliza hali ya mume wake. Salamu hizo zinamkosesha usingizi kuliko kamati.

Na wifi amenunua kidau kipya cha wino. Kila asubuhi, kabla watu hawajaingia, anafungua kitabu kimoja kimoja, anagonga tarehe, hata kile ambacho hakijaguswa na mtu.

"Wifi, huo si uongo?" nilimuuliza.

"Ni mhuri," akasema, akagonga kingine.

Miaka mia ijayo atakuja Nani Alikuwepo mwingine, afungue kurasa hizo za mwisho, aandike kwamba hapa palikuwa na watu wenye kiu kubwa ya kusoma habari za wajane na visima. Atakuwa na ushahidi.