Vitu vya Baba Juu ya Mkeka

Nakumbuka asubuhi ile ya arobaini ya marehemu baba yangu, kijijini Nyangamara, nilipoingia chumbani kwake nikiwa na kamera shingoni na suruali mpya mwilini. Ni zamani sana, mwanangu. Wengi walionizunguka siku ile wametangulia mbele ya haki, na mimi Mwenyezi Mungu kanibakisha hapa Rasbura, nasomesha watoto Kurani kila alasiri. Namshukuru kwa hilo, na namshukuru pia kwa kunipa nafasi ya kukusimulia nilipokosea.

Wakati huo nilikuwa kijana, najifunza kazi katika studio ya picha Lindi mjini. Baba yangu alikuwa mkulima wa korosho, na maisha yake yote hakuwahi kupigwa picha. Hakuwakataza wengine. Ila mtu akimwinulia kamera, yeye aliinua kiganja akafunika uso, akasema, "Mimi Mola wangu ananijua, inatosha." Basi alipozikwa, sura yake haikubaki popote isipokuwa vichwani mwetu.

Mama alikuwa bado yumo katika eda, hatoki nyumbani. Akanitumia salamu kwa mtu aliyekuwa anakuja mjini: "Mwambie Kassimu aje na kamera yake. Siku ya arobaini vitu vya baba yake vitagawiwa. Nataka avipige picha vikiwa pamoja, kabla havijatawanyika. Vitu havina roho, mwenyewe asingekasirika."

Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Ikishasomwa hitima ya arobaini, vile vitu vya mkononi mwa marehemu hupewa ndugu na majirani, ili kila avitumiaye amwombee mwenyewe. Mama hakupinga hilo. Aliomba picha moja tu.

Fundi wangu, Mzee Hamisi, aliposikia habari hiyo akaniazima lenzi pana, ile tuliyopigia makundi ya wanafunzi na watu wa harusi, kwa kuwa alijua vyumba vya kijijini ni vidogo. Akanionya kabla sijaondoka.

"Lenzi hii itakupa chumba kizima," alisema, "lakini kitu kikiwa mbali kidogo tu, inakifanya kama punje. Ukitaka kitu kionekane, kifuate. Piga magoti, lala kifudifudi ikibidi, mpaka kile cha mbele kikaribie kukugusa pua. Hapo kitakuwa kikubwa, na chumba kitakaa nyuma yake kwa adabu. Umesikia?"

"Nimesikia, fundi."

Siku hizo nilikuwa mwepesi sana wa kuitikia.

Sasa suruali. Ilikuwa bugaluu, pana miguuni, rangi ya maziwa, imepigwa pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kukata mkate. Nilitaka kijiji kione kuwa mtoto wa mpalilia mikorosho amekuwa mtu wa mjini. Nakuomba unicheke, mwanangu, mimi mwenyewe nimeshajicheka.

Nilimkuta mama ameshatandika mkeka juu ya sakafu ya udongo. Msahafu wa baba alikuwa ameuweka nyuma, juu ya marfaa, kile kibao cha kusomea, mahali pake pa heshima. Vingine alivipanga kwa mwendo wa siku ya marehemu: birika la udhu, tasbihi, jembe lenye udongo wa shamba uliokauka, bakuli la uji, bakora ya kwendea msikitini. Na mbele kabisa, upande wa mlango, akaweka miwani. Mkono mmoja wa miwani ile ulivunjika tangu mimi mdogo, na baba alikuwa ameufungia uzi, akauzungusha sikioni.

Mimi, kwa ufundi wangu wa miezi michache, nikataka kutanguliza redio iliyokuwa pembeni ya chumba, kwa kuwa ilikuwa inang'aa.

"Baba yako na redio wapi na wapi?" mama akasema. "Hiyo nilikuwa nasikiliza mimi. Acha miwani mbele. Kila alipotaka kuniambia jambo la maana, aliivua kwanza akaifuta kwa pindo la shati. Nikiiona inafutwa, najua leo kuna neno."

Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Miongoni mwao alikuwamo Bi Somoe, mtani wetu, na wajua mtani ana ruhusa ya kufanya mzaha hata msibani.

"Jamani nipisheni nimwone bwana harusi!" akapaza sauti. "Kassimu, umekuja kwenye hitima au kuposa?"

Watu wakacheka. Nikashika kamera, nikakumbuka maneno ya fundi, nikaanza kukunja goti.

"Haa! Mzuieni!" Bi Somoe akadakia. "Suruali ile ikigusa udongo itakata roho, na sisi leo hatuna unga wa msiba wa pili!"

Hapo hata mama alitabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi. Ulikuwa mzaha mwema, wa kututoa machozi. Ningecheka nami, nikapiga magoti, mambo yangeisha. Lakini niliona haya. Goti nikalinyoosha. Nikarudi kizingitini, nikasimama wima kama askari wa gwaride, nikapiga mara tatu palepale. Nilijiambia lenzi ni pana, itachukua vyote. Na kweli, ilichukua vyote.

"Umeshapata, baba?" mama akauliza.

"Nimepata, mama. Vyote."

Ikasomwa dua, ugawaji ukaanza. Bakora alipewa baba mkubwa wa Somanga. Jembe likaenda kwa binamu yangu. Miwani akapewa mzee mwadhini, jirani yetu, naye akaivaa palepale, akafungua kitabu chake cha nyiradi na kusema, "Subhanallah, kumbe herufi hizi zina nukta!" Kabla ya adhuhuri mkeka ulikuwa mtupu.

Niliporudi Lindi, Mzee Hamisi mwenyewe akaisafisha filamu yangu. Akaishika picha ikiwa bado mbichi, akaitazama kwa muda mrefu.

"Hii ni picha ya nini?"

"Vitu vya marehemu baba."

"Mimi naona ukuta. Naona makuti ya paa, naona dirisha. Baba yako yuko wapi?" Kisha akanitazama miguuni. "Naona suruali imerudi safi."

Hakunigombeza zaidi ya hapo, wala hakukuwa na haja. Tulijaribu kuikuza ile picha, lakini kila tulivyoikuza, vile vitu vilizidi kuvunjika vunjika kama mchanga. Katikati ya chumba kikubwa palikuwa na mkeka mdogo, na juu yake punje punje zisizojulikana hii ni nini na ile ni nini.

Nilimpelekea mama hivyo hivyo. Akaenda nayo dirishani, akaisogeza karibu na macho. "Eeh, miwani yake hii hapa," akasema, akiweka kidole juu ya kitu ambacho nadhani kilikuwa doa la mkeka. Ningemsahihisha vipi, na mimi mwenyewe nilishindwa kuiona?

Miwani mzee mwadhini alikuwa ameshaipeleka kwa fundi ikatiwa mkono mpya, uzi ukatupwa; basi kwa uchungu nilipanda gari mpaka Somanga ili walau nipate bakora. Baba mkubwa akafurahi sana. "Piga, lakini na mimi nimo! Bakora bila mtu si ni kuni tu?" Nilimpiga picha, akatoka vizuri. Mama alipoiona akasema taratibu, "Huyu ni shemeji. Amependeza. Usihangaike tena, mwanangu, vimeshakuwa vya watu."

Miaka mingi baadaye, mama akiwa mzee, aliniuliza, "Hivi ule uzi wa miwani ulikuwa mweusi au wa kahawia?"

"Sikumbuki, mama."

"Na picha haisemi?"

"Haisemi, mama."

Akatikisa kichwa, akaendelea na tasbihi yake. Hakunilaumu hata kidogo, na ndiyo maana mpaka leo jambo lile halijanitoka. Ningepewa tena chumba kile kwa muda wa pumzi moja tu, mwanangu, ningelala juu ya udongo ule kifua chini.

Nawaona nyinyi vijana mnakuja barazani kwangu na simu zenye lenzi pana, mnapanga vikombe na maua na vitabu, mnaniuliza mbona havipendezi. Kaa chini kwanza. Muulize mwenye vitu kipi kilikuwa na neno, hicho ndicho kitangulie, hata kama ni kibovu. Kisha kifuate mpaka uwe karibu zaidi ya unavyodhani inafaa, uchafuke, na wanaocheka waache wacheke. Na walio hai uwafuate vivyo hivyo. Kumwona mzazi na nyumba yake ukiwa umesimama mlangoni, ukasema umeona vyote, hakutoshi. Ingia, keti naye, mtazame anavyoshika kikombe.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wangu na wako, walio chini ya ardhi na walio juu yake. Akufungulie moyo umjue mtu wako angali yupo, akupe umri wenye afya na magoti mepesi ya kusujudu, na kila umpendaye akukutanishe naye pale ambapo hakuna anayesahau. Amin.