Sakafu Iliyokataa Kunywa

Baba mkwe wangu aliapa hatakanyaga kwetu. Tulifunga ndoa kanisani bila kumngoja, naye hakutusamehe. Kisha, miaka ya hamsini ikielekea kuisha, akatuma habari kwamba akishavuna mahindi atakuja kutubarikia nyumba. Haiya! Usingizi ukaniruka. Nilizunguka ile nyumba yetu mpya ya Ruiru kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kilichonisumbua ni sakafu. Simiti ya kijivu, na kila ukifagia, vumbi tupu. Mzee aje aseme mwanawe ameoa mvivu? Thubutu! Nikaenda Thika na fundi, nikasimama dukani mbele ya makopo ya rangi mpaka mwenye duka akanichoka. Nilitaka kijani. Nikageuka, nikataka nyeusi. Nikarudia kijani.

“Mama, rangi ya kopo itabanduka,” fundi akasema. “Chukua huu unga mwekundu. Tutauchanganya na simiti, tupige tabaka jipya juu. Hata udongo mwekundu wa Ruiru ukiingia na viatu, hutauona.”

“Itadumu?”

“Hiyo utazeeka uiache.”

Ilipokauka vizuri niliipaka nta, nikaisugua nimepiga magoti asubuhi na jioni. Mume wangu akirudi kutoka kiwandani, kabla hajasalimia, nishamfokea: “Viatu!” Hata yeye alianza kuchelewa kurudi.

Mzee akaja na kibuyu chake cha pombe ya muratina. Akaketi, akatazama chini. Kwao nyumba haibarikiwi kabla ya kuwamwagia wazee waliokufa kinywaji kidogo sakafuni. Udongo ukinywa, wamepokea. Hilo nililijua, na halikunijia hata mara moja pale dukani. Akamwaga. Pombe ikatuama juu ya nta yangu. Tuliitazama sote watatu, tukingoja, na haikwenda popote.

“Wamekataa,” mzee akasema, akashika fimbo yake.

“Baba, twende umwage nje,” mume wangu akamsihi.

“Nje nimekaa miaka yote. Leo nilikuja ndani.”

Akitoka hivyo, harudi tena, hilo nililiona wazi. Nikakimbilia nyundo na tindo, nikapiga magoti pembeni mwa kiti chake, nikaanza kugonga.

“Umerukwa na akili?” mume wangu akapaza sauti.

“Niache!”

Na ile sakafu ilikuwa imara, jamani! Nilitaka ya kudumu, nikapata. Niligonga huku nalia kwa hasira, nimemkasirikia fundi, nimemkasirikia mzee, nimejikasirikia mwenyewe. Vikaruka vipande vyekundu, vikafuata vya kijivu, nikang'oa mawe kwa vidole, mpaka udongo ukaonekana.

Mzee akainama, akamwaga. Udongo ukanywa.

Kisha akaegemeza fimbo ukutani, akavua kofia.

“Mwanangu,” akaniambia, “hapa kwenu hakuna chai?”