Marehemu Anayekopesheka

"Tangu tumzike kaka yangu, amekopa kuliko Somanga nzima ukiijumlisha na walio safarini!" Abilahi alisimama mbele ya jiko la shemeji yake, mikono kiunoni, anafoka mpaka abiria wa basi la Lindi wakachungulia madirishani. "Maiti gani huyu hapumziki? Mimi mzima sikopeshwi hivyo!"

"Wewe hukopeshwi kwa sababu hulipi," Somoe akamjibu, anageuza samaki kwenye karai. "Sogea huko, unanizibia wateja."

Somoe binti Likwata ana miaka hamsini na ushee, na kwenye mikopo ya simu hana mchezo. Anakopa kununulia samaki, wakishauzika analipa, wiki haijaisha. Hakopi kwa mchango wa harusi. Hakopi kulipia mkopo mwingine. Kabla hajabonyeza, anamuuliza riba kila anayejua hesabu, mpaka makonda wanamkwepa. Kasoro yake moja tu: hakopi kwa jina lake. Anakopa kwa laini ya mumewe Kondo, na Kondo ana mwaka wa tatu kaburini.

Hakuanza kwa ujanja. Siku ya maziko Abilahi alitangaza pale makaburini, kama inavyotangazwa, kwamba anayemdai marehemu aje kwake. Akaja fundi pikipiki, akaja mwenye duka. Kampuni ya simu haikuja. Ingekuja kwa miguu gani? Somoe alipotoka eda akaiwasha simu ya mumewe, ikamrukaruka mkononi kama samaki aliyevuliwa sasa hivi. Ndugu Kondo, mkopo wako umechelewa. Ndugu Kondo, tunakukumbusha. Ndugu Kondo. Elfu thelathini, alizokopa Kondo kununulia tairi la pikipiki. Somoe akalipa. Hajaiweka chini, ujumbe ukaingia: Asante Ndugu Kondo, sasa unaweza kukopa elfu hamsini.

Alishinda na ile asante siku nzima. Watu wote walishazoea kusema "marehemu". Simu peke yake ndiyo ilibaki kumwita kama mtu atakayerudi kula mchana.

Basi akakopa, akalipa, akakopa tena. Na kila akishalipa hukaa na simu mkononi, anasubiri aitwe. Siku nyingine ujumbe hukawia, na hapo Somoe hutazama mlangoni. Anatazama nini, hasemi.

Leo asubuhi alikuwa amelipa deni lote, na Abilahi alikuja kwa sababu hiyo hiyo, amuwahi kabla hajakopa tena.

"Nimemwota tena," akasema, sauti imeshuka. "Amesimama juani. Namwambia kaa, kaka. Ananijibu, nitakaaje, bado naitwa. Shemeji, mimi ndiye niliyesema madeni yake niachieni. Leo hadaiwi hata senti. Nipe hiyo laini tuivunje, apumzike."

"Na samaki n'tanunulia nini?"

"Si una laini yako?"

Somoe akacheka, kicheko kisicho na raha. Laini yake aliijaribu mwezi uliopita, ikamwambia mwisho wake elfu tatu. Miaka yote hii ya kulipa kwa siku yake, uaminifu wote umeandikwa kwa Kondo. Yeye anayepumua hajulikani. Elfu tatu hainunui mkia wa nguru. Ingebidi aanze upya, elfu tatu, elfu tano, kidogo kidogo mwaka mzima, na mwaka wote huo hakuna atakayesema Ndugu Kondo.

Ujumbe ukaingia. Akaitoa simu kwenye upindo wa kanga, akausoma kwa sauti bila kuombwa: "Hongera Ndugu Kondo. Kiwango chako sasa ni laki tatu."

Abilahi akarudi nyuma hatua moja, kama aliyeguswa begani.

"Kumbe wanampandisha cheo," akasema. "Shemeji, ukikopa leo, kesho ukafa wewe, kule ahera atadaiwa nani? Yeye, wewe, au mimi niliyeyapokea madeni yake?"

Kule pwani walishaanza kunadi nguru. Somoe akaepua karai, akakaza kanga kiunoni, akashika njia ya ufukweni, simu mkononi, kioo bado kinawaka.

"Shemeji! Nakuuliza, atadaiwa nani?"

Somoe alishafika mchangani, kidole gumba juu ya neno KOPA.