Ndege Inaomba Nafasi

Baba yangu Urbain amechora ndege kwenye kuta za Kisangani miaka hamsini, na hajapanda hata moja. Alipokuwa kijana alifagia ofisi ya tiketi huko Makiso, katikati ya mji. Ukutani palikuwa na tangazo la zamani la shirika la ndege: bluu tupu juu hadi chini, ndege nyeupe ndogo imekaa mshazari, jua jekundu, maneno mawili. Basi. Kila asubuhi akilifuta vumbi alijiuliza kwa nini mchoraji hakuijaza karatasi, na siku alipoelewa aliacha ufagio akashika brashi.

"Ukijaza anga, ndege inaanguka," hutuambia. Tumelisikia hilo mpaka masikio yamechoka.

Siku hizi maduka hutundika banderole, vitambaa vya matangazo vya kuchapishwa, na baba alikaa miezi minane bila kazi. Magoti yanamuuma, mkono umeanza kutetemeka. Alitaka ukuta mmoja tu ubaki mjini, ambao mtu akiupita atajua ni wake. Mimi nilikuwa Basoko kununua samaki wakati mama Kahambu, mfanyabiashara wa Butembo, alipomwita achore mbele ya ofisi yake ya kusafirisha mizigo kwa ndege. Haya baba alinisimulia baadaye.

Alichora siku tatu: bluu, ndege, jua, jina. Mama Kahambu akatoka kutazama.

"Bon, papa Urbain, utamaliza siku gani?"

"Nimemaliza, mama."

"Umemaliza nini? Ukuta iko bule! Watu watasema depo yangu haina kitu."

"Ndege inaomba nafasi, mama."

"Ndege yangu inabebaka vitunguu, papa. Weka vitunguu, weka maharagi, weka namba ya téléphone. Ao niite watu wa banderole, wafunike yote."

Baba anajua kubishana, lakini mnyonge hana haki, na uchovu ulishamwingia mifupani. Akapanda ngazi tena. Akaweka vitunguu, maharage, magunia ya unga, namba tatu za simu. Lile jua akalitia kikonyo, likawa nyanya.

Jumamosi nilishuka kwenye boti, nikapita pale na kapu langu. Baba alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, peke yake. Nilipouona ukuta nikacheka kwa sauti.

"Papa, nani amechora hii soko?"

Hakukasirika. Alinipokea kapu la samaki.

"Mama Kahambu," alisema.

Tulikwenda nyumbani kwa miguu. Karibu na nyumba ndipo nilipoona rangi ya bluu kwenye kucha zake, nikatamani ardhi ipasuke initie ndani.