Goli ya Katungu Yenye Nilijiandikia

Hii habari sipendi kuisema. Mais nikikutana na mutu wa Butembo wa umri yangu, akaanza kucheka mbele ya kuniuliza jina, ninajua kama anaijua tayari, donc afazali niwaelezee miye mwenyewe, musiisikie kwa bale banaongezaka chumvi (kusema kweli, haina lazima ya chumvi). Miye niliiba goli. Hapana kuku, hapana mahindi mu shamba ya mutu, goli. Na nilishikwa ku radio, muchana saa kumi, muji muzima inasikia.

Ilikuwa wakati ya vita, ile wakati munalala na jeshi moja, munaamka na ingine, na hakuna mutu anauliza sababu. Nilikuwa ninasoma ku lycée ya Baprotestanti, na mwalimu yetu wa gymnastique alikuwa Madame Espérance, mwanamuke wa Kasai mwenye serikali ilimutuma kwetu mbele ya vita, kisha serikali ikamusahau, mushahara hakuna, njia ya kurudia hakuna. Alibakia na sisi, na juu ya vile hakupenda kukaa bure, alitufundisha hoki. Ndiyo, hoki, ule muchezo wa fimbo, alijifunzaka kwa bazungu ba misheni wakati alikuwa mutoto. Fimbo tulichongewa na fundi mbao, matawi ya eucalyptus yenye kupinda ku mwisho, na mpira tulishona na ngozi ya ng'ombe, ndani tukajaza raba ya tairi. Ikikugonga ku muguu, unasahau mustari yako ya Biblia.

Sasa musikie jambo yenye ilikuwa inaniuma. Papa yangu, maître Kambale, alikuwa anafundisha ku masomo ya kanisa, shule kidogo mu pori, ukishapita Oicha, upande ya Mambasa. Vita ikakata njia. Miezi munane, hatukupata barua hata moja. Mama alikuwa anaulizaka kila dereva wa camion mwenye alitoka upande ile, kisha siku moja akaacha kuuliza, na miye nikaona nini inamaanisha. Jirani mumoja aliteleza mu salamu, akamuita mujane, Mama akajifanya hakusikia, akaendelea kuchagua maharagi. Na miye nilikuwa ninawaza kitu moja tu: hata kama Papa iko muzima, yeye naye anajua kama sisi tuko bazima? Juu habari za kupigana kwetu Butembo zilikuwa zinafika mbali kuliko barua.

Radio ya muji ilikuwa inasikilika paka mu pori kama mbingu ni safi. Mais matangazo ya familia kwenda upande ile ingine ilikatazwa, bakubwa ba jeshi balisema batu banaficha ndani mambo ya vita. Kitu moja tu haikukatazwa, sport. Na mu sport, animateur, mutangazaji wa radio, alikuwa anasoma jina ya mwenye kufunga goli, na jina ya papa yake pia, juu kwetu Kavira, sawa jina yangu, ni bengi, ukiita Kavira ku soko, banawake makumi mbili banageuka. Munaona akili yangu ilikuwa inaenda wapi.

Shida ilikuwa Madame. Yeye hakupenda majina. Karatasi ya kupeleka matokeo ku radio, miye njo nilikuwa ninaandika (mwandiko yangu ni muzuri, njo kitu yangu moja ya kujivuna), na kila mara alisema, "Andika: lycée imefunga mbili. Basi. Katungu akifunga, ni nani alimupa mpira? Na mwenye kumupa, ni nani alimunyang'anyia adui? Ukitaka kuandika moja, andika bote kumi na moja." Siku ingine animateur akatuma neno kama bila majina hasomi tena, batu banataka kujua nani. Madame alinuna siku mbili, kisha akasema, "Bon, andika majina. Mais munaharibu batoto yangu."

Katungu, mwenye mulisikia jina yake, njo tulikuwa tunakaa naye ku banc moja, mutoto kimya, mwembamba, mutoto ya mama muuza mandazi. Kwa hoki, hakuna mwenye alikuwa anamufikia. Miye nilikuwa ninacheza mbele pamoja naye, na tangu mwezi muzima nilikuwa sijafunga kitu.

Jumamosi moja tukaenda kucheza Beni, na basichana ba masomo moja ya Beu, mutaa ya pale Beni. Tulipanda camion ya mafuta ya mawese, na ku barrière, askari akaona basichana kumi na bane na marungu. Akateremusha sisi sote.

"Hii ni nini?"

"Ni ya sport, chef," Madame akasema.

"Sport gani ya kubeba magongo? Muko banani, munaenda kupiga nani?"

Madame akamuambia Katungu amuonyeshe. Katungu akaweka mpira chini katikati ya barabara, akaangalia kidogo, akapiga, na mpira ikapita katikati ya buti mbili za chef, bila kugusa hata kamba. Chef aliangalia chini, akaangalia nyuma, kisha akacheka paka akashika tumbo. Tukapita.

Mechi yenyewe, miye nilicheza vibaya sana, na si juu sijui. Nilikuwa ninatafuta goli sawa vile mutu anatafuta mayi. Nikipata mpira sitoi, ninapiga, hata fasi yenye nyanya yangu angetoa kwa mwenzake. Benzangu bananiita "Kavira, hapa", miye kama kiziwi. Beu bakatufunga moja, Katungu akarudisha. Karibu na mwisho, nikapiga tena moja yangu, ilikuwa inaenda moja kwa moja mu migomba, mais Katungu alitokea sijui wapi, akaigeuza na fimbo, ikaingia. Mbele ya goli basichana tulikuwa tumerundikana, vumbi imepanda, na Madame wakati ile alikuwa amechuchumaa kando anafunga Masika, mwenzetu wa timu, kitambaa ku goti. Hakuona. Mbili kwa moja, tumeshinda.

Mu camion, tukirudi, nikaweka karatasi ku goti. Nikaandika: Goli ya kwanza, Katungu. Na pale kalamu ikasimama. Nikawaza, yeye iko na mbili, miye niko na zero, na yeye papa yake iko ku nyumba anakunywa chai, ile ya pili itamufanyia nini? Tena mpira ilitoka ku fimbo yangu (kwenda mu migomba, ndiyo, mais ilitoka). Nikaandika: Ya pili, Kavira, mutoto wa maître Kambale mwenye kufundisha upande ya Mambasa. Madame alikuwa na kichwa kinamuuma juu ya vumbi, akatia sahihi bila kusoma.

Jioni ile animateur akasoma. Na hakusoma tu, alipamba, alisema Kavira alitoka na mpira katikati ya kiwanja, akapita batu batano, na goalkeeper wa Beu akabakia amekaa chini. Mama alikuwa anasonga ugali. Mwiko ikasimama. Alisikia "maître Kambale", alisikia "Mambasa", na akaelewa palepale juu ya nini ile jina ilikuwa mule. Akageuka pole pole.

"Ulifunga kweli?"

"Ndiyo, Mama."

Akapanguza macho na kitambaa, akasema ni moshi. Pale njo ningesema kweli, na ingeisha mu jikoni yetu. Sikusema.

Kesho yake ku kanisa, pasta akanisimamisha. Akasema Mungu hasahau batoto ba balimu, batu bakapiga vigelegele, na miye nimesimama na robe ya Noeli, na mbele yangu mu korali nusu ya timu. Bote balijua. Balikuwa banamuangalia Katungu, banangojea aseme. Katungu alikuwa anaangalia kitabu ya nyimbo. Kisha ibada nikamungojea inje, nikitafuta neno, akanipita akasema tu, "Félicitations, Kavira." Ingekuwa alinipiga kofi, ningelala vizuri.

Nilifikiri itapita. Eh, wapi. Siku ya tatu, animateur akatuma barua ku préfet, mukubwa wa masomo yetu: anataka bale babili benye kufunga, baje mu studio, mu direct, batu basikie palepale. Préfet alifurahi kupita kipimo, akaweka radio yake ku dirisha ya bilo, ofisi yake, akatosha batoto ba masomo muzima inje ku kiwanja kusikiliza. Madame naye akakaa pale mbele, ku kiti. Kwetu Mama aliita bajirani (na ule mwenye alimuita mujane, alimuita wa kwanza).

Studio ilikuwa chumba kidogo, magodoro ku ukuta, micro moja, joto. Katungu na miye tukakaa ku banc moja, sawa mu classe. Hakuniangalia. Animateur alikuwa mutu wa football, hoki hakuielewa na hakutaka kujua, akaanza na miye.

"Dada yetu Kavira, mutoto wa maître Kambale, bandugu mu muji na mu pori banakusikiliza. Utuelezee ile goli. Ulipiga na muguu ao na kichwa?"

Na miye, ninawaza Papa tu, ninasikia tu kama kichwa ni kitu ya kuheshimika, nikajibu na sauti nguvu:

"Na kichwa."

Animateur akaangalia karatasi yake, akaangalia fimbo yenye Katungu aliegemeza ku ukuta. Hata yeye alishangaa.

"Mais... si ni muchezo wa fimbo?"

"Ndiyo."

"Na mpira ni ngumu?"

"Ni ngumu sana," Katungu akasema pole pole, neno yake ya kwanza. "Ukiipiga na kichwa, unalala."

Banasema ku kiwanja ya masomo, batoto mia tatu balianguka chini na kicheko, na Madame alifunika uso na mikono mbili. Miye pale mu studio nikaanza kulia. Na si kulia ya kizuri, kulia ya kamasi, mbele ya micro. Nikasema yote. Nikasema goli zote mbili ni za Katungu, miye sijafunga kitu tangu mwezi, nilijiandikia juu nilitaka Papa asikie jina aone kama tuko bazima, juu barua haipite na matangazo imekatazwa. Niliposema matangazo imekatazwa, animateur akageuka rangi, akanyoosha mukono kuzima.

Katungu akashika ule mukono. Kabisa, mutoto wa miaka kumi na sita, alishika mukono ya mukubwa, akavuta micro kwake.

"Papa wa Kavira," akasema, "kama unasikia, hii ni habari ya sport. Mutoto yako iko muzima. Mama yake iko muzima. Kavira anadanganyaka tu."

Kisha animateur akazima, akaweka wimbo.

Azabu nilipata, na nilistahili. Madame aliniweka kando paka mwisho wa mwaka, nilikuwa ninabeba fimbo za bengine na ndoo ya mayi, na alinifanya niandike ku tableau, mbele ya timu, majina ya bote kumi na moja chini ya kila goli. Muji ikaniita Kavira Kichwa. Ku soko bamama ba mandazi banagonga paji ya uso nikipita. Mama hakunipiga, hakunigombeza, alikaa na miye ku mulango, akaniambia tu, "Siku ingine uniambie kwanza, tuwaze babili." Na Papa, kimya, hakuna kitu. Nikajiambia basi, nimepata haya ya bure.

Njia ilifunguka kisha miezi ingine mitano. Papa alifika na muguu, amekonda, ndevu nyeupe, begi moja ya vitabu. Mama alimushika tu shati. Wakati tulikaa, nikamuuliza kama alisikia radio.

"Radio gani?" akasema. "Mapile, betri za radio, zilituishia tangu mwanzo."

Mais akaendelea. Akasema kulikuwa bachuuzi ba baiskeli, balikuwa banapita mu njia za pori na chumvi, na kila fasi banalala banaelezea habari za kuchekesha, na mumoja akaelezea juu ya musichana wa Butembo mwenye kuiba goli ya mwenzake akasema ku radio kama alipiga mpira ya hoki na kichwa. Batu bote banacheka, Papa naye anacheka. Kisha mutu akauliza, ni mutoto wa nani? Muchuuzi akasema, wa maître mumoja, Kambale.

"Nilimuambia arudilie," Papa akasema. "Alirudilia mara tatu, yeye anacheka, miye ninalia, na balifikiri ninalia juu ya haya." Akapanguza macho. "Ingekuwa ulifunga kweli, mwanangu, hakuna mutu angebeba ile habari mu pori yote."

Kesho yake akavaa koti, akaenda kwa mama wa mandazi kumushukuru Katungu, na miye nyuma. Alimushika mikono yote mbili, akasema maneno ya kimwalimu, marefu. Katungu alimusikiliza na heshima, macho chini. Papa alipomaliza, Katungu akaniangalia miye juu ya bega yake.

"Na goli yangu," akauliza, "unairudisha lini?"

Paka leo sijairudisha. Siku hizi nafundisha, na batoto bakicheza, karatasi ninaandika miye, na bananiuliza kama jina ya mwenye kufunga ina maana, ninabajibu ina maana sana, ni kubwa kuliko munavyofikiri, na juu ya ile siandike kamwe jina fasi mwenyewe hakutoa jasho. Kisha ninamupa karatasi mutu mwingine asome mbele ya kutia sahihi, juu miye mwenyewe sijiamini.