Filamu ya Alhamisi Mbili

Wajukuu wangu huniuliza kwa nini siketi nao mbele ya televisheni. Wanadhani ni dini. Si dini. Hapo zamani hapakuwa na mwanamke mtaa mzima wa Mahabibo aliyependa filamu kunishinda mimi, na sasa nimekuwa mzee, afadhali niseme mapema kuliko kusemewa.

Kusoma sikusoma sana. Chuoni nilimaliza Juzuu Amma na kidogo zaidi, skuli ya Wafaransa nilikaa miaka miwili nikatolewa nilee wadogo zangu. Nyumbani kwetu Mahajanga, Madagaska, tulisema Kikomoro, sokoni Kimalagasi. Kiswahili nilifundishwa na marehemu mume wangu, mtu wa Unguja, na wajukuu wamekulia kwa ndugu zake, basi ndicho ninachowaandikia.

Bendera ya uhuru ilikuwa bado mpya. Kabla ya filamu walituonyesha kwanza rais akikata utepe, leo wa daraja, kesho wa skuli, nasi tukimenya karanga mpaka amalize. Mwenye sinema alikuwa Mhindi mmoja mnene, na alitutengea sisi wanawake Alhamisi baada ya adhuhuri. Filamu zilikuwa za Kihindi, na chini yake maneno ya Kifaransa yaliyopita mbio kuliko macho yetu. Tulifahamu hivyo hivyo. Mama mkwe mbaya hahitaji tafsiri. Filamu ikiwa ndefu, Mhindi aliikata vipande viwili: nusu Alhamisi hii, nusu Alhamisi ijayo, na katikati mji mzima unagombana.

Si kila mwanamke aliweza kwenda. Walikuwapo walio katika eda, waliojifungua ambao arobaini haijatimia, na wale waliokatazwa na waume zao. Hao walikuja uani kwa mama yangu Ijumaa baada ya alasiri, kila mmoja na jiwe lake la kusagia liwa. Wakisha kujipaka usoni hukaa kimya wakingoja ikauke, maana ukicheka inapasuka, ukilia inachirizika. Hapo ndipo niliposimulia. Nilianza kwa jina la Mungu, nikaendelea hadi magharibi, na nyimbo nikiimba kwa maneno yangu mwenyewe.

Lakini sikuwa msimulizi tu. Nilikuwa hakimu. Filamu iliyonikera niliinyosha. Palikuwa na moja ya msichana aliyetoroka na mpiga zeze, wakaishi raha mustarehe. Mimi nilimzamisha mtoni. Kina mama wenye mabinti walinishukuru, wakaniletea sahani ya wali wa nazi.

Mwaka huo mdogo wangu alitoka kisiwani Nosy Be, akashuka melini na mtoto wa kike kiunoni na kikapu kimoja. Alikuwa ameolewa huko na mpimaji wa miwa katika kiwanda cha sukari. Shavu la kushoto lilikuwa la zambarau. Akasema ameanguka ngazini. Nyumba yao haikuwa na ngazi, nami nilikwisha lala ndani yake, nikajua.

Mama hakumtukana wala hakumbembeleza. Alimwambia, "Meli ya Nosy Be inarudi Jumamosi ya wiki ijayo. Ukiipanda, umerudi kwa mumeo. Usipoipanda, nitamtuma mjomba wako akadai talaka. Uamuzi wako." Na mpaka aamue akae ndani, maana aliyeondoka bila ruhusa ya mume haonekani barabarani. Kwa hiyo sinema hakwenda. Alikaa na kina mama wa eda, liwa usoni, na liwa ikafunika lile shavu.

Alhamisi ya kwanza ikaja filamu ya mke wa mlevi. Mume anampiga, mama mkwe anamficha chakula. Nusu ya kwanza ilikatika pale pale mke amesimama mlangoni, mtoto begani, mvua inanyesha, hajulikani atatoka au atarudi ndani. Taa zikawaka. Tulimtukana Mhindi mpaka akajifungia katika kile kichumba chake cha tiketi.

Wiki hiyo bombani hapakuwa na habari nyingine. Jirani yetu mmoja, muuza mikate ya mchele, mwanamke aliyekwisha achwa mara tatu, alisimama na ndoo kichwani akapayuka:

"Aende! Anangoja nini, apigiwe tarumbeta?"

"Na mtoto je?" nikamwambia. "Mwanamke anayebeba mtoto wa watu na kuondoka hana subira, na hana haya."

"Subira! Subira yako wewe rahisi, shoga. Mumeo yuko kazini Boanamary siku sita kati ya saba. Hata mimi mume wa siku moja ningemvumilia."

Wakacheka wote. Nikasema, "Wewe umeachwa mara tatu, utajua nini kuhusu ndoa?"

"Nimesoma darasa tatu, wewe moja," akanijibu, "na tazama ninavyonenepa."

Tulirudi nyumbani huku tunarushiana maneno hayo hayo, na mdogo wangu alikuwa uani anasaga liwa. Alisikia yote. Jirani alipokwisha kwenda zake, akaniuliza bila kuinua uso:

"Dada, unadhani watamrudisha?"

"Nani?"

"Huyo mke wa filamu."

"Filamu zote huwarudisha. Zisiporudisha si filamu."

"Na mume atakuwa mwema?"

"Tutaona Alhamisi."

"Basi na mimi nitaona Ijumaa," akasema. Mama alikuwa jikoni, akamwambia, "Wewe ngoja akili yako, usingoje filamu." Mdogo wangu alitabasamu tu. Nilijua wakati ule anachouliza. Nisiseme sikujua.

Alhamisi ya pili sinema ilijaa mpaka watu wakakaa ngazini. Yule mke akatoka mvuani. Akapokewa na mshonaji mzee, akajifunza cherehani, mtoto akakua. Mume akaacha ulevi, akazunguka miji akimtafuta mpaka akapata mlango wake, akapiga magoti, akalia. Sisi wote tukatoa leso. Mke akafungua. Akamtazama kitambo, hakusema neno. Kisha akafunga mlango, ikasikika cherehani ndani. Ikaisha hapo.

Lo! Zilirushwa karanga, viatu, na kopo moja. Nusu ya wanawake walipiga makelele kwamba wameibiwa. Jirani yangu wa mikate alisimama juu ya kiti akapiga vigelegele peke yake mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilikasirika kama niliyetukanwa mimi. Mwanamume amepiga magoti, unataka nini tena? Nilirudi nyumbani kwa miguu nikijisemea njia nzima, na nilipofika Mahabibo filamu ilikuwa imekwisha nyooka kichwani mwangu.

Ijumaa wakakusanyika. Jirani hakuwapo, saa hizo alikuwa sokoni na mikate yake. Mdogo wangu alikaa karibu yangu, mtoto amelala mapajani. Nikasimulia mvua, mshonaji, cherehani. Nikafika mlangoni. Nikampigisha mume magoti, nikamliza, nikambusisha miguu ya mkewe. Mke akamwinua. Wakashikana mikono na mtoto katikati, wakarudi nyumbani, na mama mkwe akawatandikia jamvi.

Kina mama wakashusha pumzi. Mdogo wangu hakushusha. Alisema:

"Hakumpiga tena?"

Filamu haikuwa na neno juu ya hilo, si ya kwao wala yangu. Nikasema, "Hakumpiga tena mpaka akafa."

Liwa yake ilichirizika mpaka shingoni. Niliona, nikafurahi, nikadhani nimesimulia vizuri.

Jumamosi akapanda meli. Jioni jirani alipita, akauliza yuko wapi. Nilimwambia amerudi kwa mumewe, na kwa kiburi nikamwambia jinsi nilivyoimalizia ile filamu. Hakupayuka siku hiyo. Alitua kapu lake chini akanitazama.

"Ulimwambia hivyo yeye? Yeye, na lile shavu?"

"Nilimwambia lililo jema."

"Mungu akusamehe," akasema, akachukua kapu. Hakuniuzia mkate tena.

Mwaka uliofuata nilikwenda Nosy Be kumhudumia arobaini yake, alikuwa amezaa wa kiume. Harufu ya maua ya mlangilangi ilianza bandarini ikanifuata mpaka kitandani kwake. Nilimwita mara mbili kutoka upande wa kushoto, hakugeuka. Mtoto wa kike akaniambia, "Sikio hilo halisikii. Njoo huku."

Mumewe alinikaribisha vizuri. Alininunulia samaki. Alipokwenda kazini, mdogo wangu akasema:

"Ile filamu yako ilikuja huku."

Mikanda ya filamu ilizunguka na meli kama watu, nami sikulifikiria hilo hata siku moja.

"Yeye mwenyewe alinipa ruhusa niende," akasema. "Wanawake walirusha vitu. Mimi nilikaa kitini mpaka mfagiaji akaniambia niondoke." Alimbadilisha mtoto titi. "Labda kile Kifaransa cha chini hukukifahamu, dada."

Alinipa mlango wa kutokea, mdogo wangu huyo. Ningeweza kupita.

"Nilifahamu," nikasema. "Hapakuwa na Kifaransa pale. Alifunga mlango."

"Sasa kwa nini?"

"Niliona aibu."

"Ya nani?"

Nilimwambia tufunge mizigo, meli ipo Jumanne, nitazungumza na mjomba mimi mwenyewe. Akatikisa kichwa. "Yule alikuwa na mtoto mmoja. Mimi nina wawili, na wa kiume baba yake hataniachia. Tena nilirudi kwa miguu yangu, mjomba atadai nini?" Halafu akaniambia maji ya kuoga yanapoa.

Mimba ya tatu hakuizaa. Telegramu iliyokuja Mahajanga ilisema amekufa kwa homa. Mwanamke aliyemwosha alinitumia salamu nyingine kwa mdomo wa baharia, ya alichokiona mbavuni, na hiyo siiandiki. Mume alibaki na wa kiume. Wa kike alitupa sisi.

Uani Ijumaa sikusimulia tena. Walikuja na mawe yao, nikawarudisha.

Yule mtoto nilimlea mimi, akiniita mama mkubwa. Alipofika kuvunja ungo aliniuliza mama yake alikufaje. Mama yangu, aliyekuwa hai bado, alinikonyeza niseme homa kama tulivyosema siku zote. Nilimkalisha mkekani nikamwambia yote: shavu, meli, filamu ilivyokwisha kweli na nilivyoimaliza mimi, sikio, mbavu. Sikuacha kitu, wala sikujitetea.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akachukua ndoo, akaenda bombani kuteka maji, akarudi akapika kama kila siku. Aliishi nami miaka minne mingine hadi alipoolewa, na katika miaka hiyo hakuniita mama mkubwa. Hakuniita kitu chochote. Akinihitaji alikuja akasimama mbele yangu, akangoja nimtazame.