Karatasi Kumi na Mbili za Mwalimu Sanga

Mpaka leo nikisikia harufu ya bizari nyembamba, ulimi wangu unaanza wenyewe: j'aurai fini, tu auras fini, il aura fini. Nitakuwa nimemaliza, utakuwa umemaliza, atakuwa amemaliza. Watu wengine bizari inawakumbusha pilau la Idi. Mimi inanikumbusha vitenzi vya Kifaransa, tena wakati ule mmoja wenye kusumbua, wa jambo litakalokuwa limekwisha kabla ya jingine kuanza. Harufu hiyo ilitoka kwenye kibanda cha mama yangu pale Sokomatola, Mbeya, kibanda cha mbao chenye mlango mmoja na makopo yaliyopangwa mpaka darini: iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga. Baridi ya mwezi wa sita ilikuwa ikituuma mpaka kwenye kucha, na mama alikaa nyuma ya meza amejitanda khanga mbili juu ya sweta, anasokota karatasi kwa vidole vyake vyekundu vya hina. Mzani hakuutumia kwa wateja wadogo. Alichota kwa kijiko, akamimina kwenye karatasi aliyoisokota, akakunja juu mara mbili, na haikumwagika hata punje.

Karatasi zenyewe zilikuwa za madaftari ya zamani ya wanafunzi, ambayo mama aliyanunua kwa mafungu. Mama hakusoma shule. Babu alimleta bara akiwa mdogo kutoka Kilwa, na alichosomeshwa ni chuoni tu, Kurani. Herufi za Kiarabu alizisoma vizuri sana. Hizi zetu za a, e, i, o, u kwake zilikuwa michoro tu. Kwa hiyo alikuwa na desturi yake, naye hakuiacha hata wateja wapange foleni: kabla ya kuchana daftari lolote alilifungua, akapekua ukurasa mmoja mmoja, akitafuta kama kuna neno la Kiarabu. Akiliona, karatasi ile aliibusu, akaiweka kwenye sanduku juu ya rafu, maana huwezi kufungia mtu pilipili kwa karatasi yenye jina la Mungu. Asipoliona alisema "Bismillahi" akaanza kuchana, tena alianzia katikati penye pini, kwa sababu hapo karatasi hutoka mbilimbili.

Sasa Mwalimu Sanga. Huyu alikuwa mwalimu wetu wa Kifaransa nilipokuwa kidato cha tatu, mtu wa Iringa, mwembamba, koti moja la kahawia, na sauti ya upole iliyotufanya tuone aibu kupiga kelele. Darasa lake lilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja na halikuwa na kitabu hata kimoja. Kitabu kilikuwa daftari lake, kubwa, la jalada gumu, aliloliandika mwenyewe akiwa chuo cha ualimu kwa wino wa bluu, na miisho ya vitenzi kwa wino mwekundu. Kila tulichokijua kilitoka humo. Mimi nilikuwa nimelala wiki mbili kwa homa ya matumbo, nikapitwa na mada yote ya ule wakati wa nitakuwa nimemaliza, na mtihani wa mwisho wa muhula ulikuwa unakaribia. Ijumaa moja akaniita, akaniwekea daftari mikononi. "Zuhura, nakuamini," alisema. "Nakili, uniletee Jumatatu. Sina jingine." Nikatoka pale kifua mbele, we acha tu, hakuna mwanafunzi aliyewahi kupewa.

Nami mjinga, nilipofika kibandani jioni ile nikalikuta rundo la madaftari kando ya meza, nikaliweka langu juu yake nipate kumsaidia mama kufunga. Nikalisahau! Jumamosi asubuhi nikaenda zangu chuoni, kusoma Kurani. Siku hiyo kulikuwa na harusi mtaani na watu walinunua viungo asubuhi nzima. Niliporudi saa nne nikamkuta mama amefungua daftari la Mwalimu Sanga mapajani, limetoboka katikati. Nilipiga ukelele uliowatoa watu vibandani mwao. "Mama! Hilo la mwalimu!" Mama akaangalia daftari, akaniangalia mimi. "Nimelipekua lote," alisema. "Nimelipekua vizuri, mwanangu. Sikuona kitu."

Nilihesabu. Karatasi kumi na mbili, na humo ndimo mada yangu ilimokuwa. Nilikaa chini sakafuni nikalia kwa sauti, nikisema sirudi shule, kheri niuze bizari. Na nikasema neno ambalo nimelijutia maisha yangu yote. Nilisema, "Ungekuwa umesoma ungejua." Mama alisimama, akafunika makopo, akavuta mlango wa kibanda, akatia kufuli. Jumamosi, siku ya harusi! Kibanda kile kilikuwa hakifungwi mchana isipokuwa kwa Idi au msiba. Majirani wakauliza nani kafa. "Hajafa mtu," mama akawajibu. "Twende, Zuhura. Nawajua wote."

Na kweli aliwajua. Hakuwa na daftari la wateja, lakini kichwani mwake kila kijiko cha bizari kilikuwa na mwenyewe. Iliki na mdalasini, nyumba ya harusi, karatasi nne. Karafuu, fundi cherehani mwenye jino linalomuuma. Tulizunguka Sokomatola nzima, yeye mbele, mimi nyuma na daftari kwapani. "Hodi! Samahani, dada yangu, ile karatasi niliyokufungia, naomba nirudishiwe. Viungo vyako mimina kwenye kikombe." Watu walicheka, wakatushangaa, wengine wakadhani viungo tumevichanganya na dawa kwa makosa. Kwenye nyumba ya harusi wapishi walikuwa wameshazitupa jalalani, na mama, na khanga zake nzuri, akainama akazichambua kutoka kwenye maganda ya vitunguu. Kila karatasi tuliyoipata aliipangusa kwa ncha ya khanga, akanipa. "Soma," aliniambia. "Nijue kama ndiyo yenyewe." Nikasoma huku napenga kamasi: j'aurai mangé, nitakuwa nimekula, j'aurai vendu, nitakuwa nimeuza. Hili la kuuza alilipenda, akalirudia njiani mara mbili tatu kwa lafudhi ya Kilwa. Mpaka alasiri nilikuwa nimezisoma mara nyingi hivi kwamba nilizijua bila kutazama. Tulikuwa na kumi na moja.

Ya kumi na mbili ilikuwa kwa Mama Atupele, mkulima wa viazi kutoka Isyesye, Mnyakyusa, mzee wa kanisa, rafiki wa mama wa miaka mingi. Tulipanda kilima kwa miguu mpaka kwake. Alitupokea kwa furaha, akatuletea vigoda, na mama alipomweleza, akashika mdomo. "Jamani, Mama Zuhura! Nimewashia jiko sasa hivi. Mkaa ulikuwa na unyevu, nikasema hii karatasi itafaa." Jiko lilikuwa pale uani, linawaka vizuri kabisa. Mama alilitazama. Halafu akakaa kwenye kigoda, akajifunika uso na khanga, akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona analia, hata babu alipokufa alilia ndani. "Ingekuwa na alifu moja tu," alisema. "Alifu moja, nisingeigusa." Mama Atupele alimshika mabega, naye akalia, na mimi nilisimama pale nikitamani ardhi ipasuke, kwa sababu nilijua hakuwa akililia karatasi.

Jumapili nikaiandika mwenyewe ile iliyoungua. Vitenzi nilivijua: je serai allée, je serai venue, je serai partie, nitakuwa nimekwenda, nitakuwa nimekuja, nitakuwa nimeondoka. Mifano ya mwalimu ndiyo iliyonipotea, kwa hiyo nikatunga yangu. Nikaandika: lundi, maman aura ouvert la boutique, Jumatatu mama atakuwa amefungua duka. Na chini kabisa, bila kufikiri sana: un jour, maman aura tout oublié. Siku moja mama atakuwa amesahau yote. Ndilo nililoliomba siku hiyo, asahau neno langu, maana kumwomba radhi kwa mdomo nilishindwa. Mama akazishona karatasi zote kwa sindano ya gunia na uzi mweupe, mishono midogomidogo, akaitia ile yangu mahali pa iliyoungua.

Jumatatu Mwalimu Sanga alilifungua daftari, akapiga chafya. Akapiga ya pili. Darasa zima likacheka, mimi nikatazama viatu. Akapekua polepole mpaka akafika penye mwandiko wangu, akasoma, akasoma tena. Nikamsimulia yote pale mbele ya darasa, sikuficha kitu. "Na mama amesahau?" aliniuliza. "Bado, mwalimu." Alitoa kalamu yake nyekundu, nikajua sasa ukurasa wangu unakatwa. Akakoleza miisho ya vitenzi vyangu kwa wino mwekundu, kama alivyofanya kwenye vyake, basi. Akageukia ubaoni, akaandika mifano yangu, darasa likanakili.

Mwaka uliofuata alihamishiwa kwao Iringa, nasi tukapoteana. Nami maisha yamenileta Iringa hukohuko, na binti yangu yuko kidato cha tatu, anasoma Kifaransa. Vitenzi anavyo kwenye simu, anabonyeza vinajipanga vyenyewe. Mwezi uliopita alinionyesha picha za notisi ambazo mwalimu wao aliwatumia kwenye kundi la darasa, daftari la zamani alilorithi kwa mwalimu wake. Wino wa bluu, wino mwekundu, mishono ya uzi mweupe. Halafu ukurasa mmoja wa mwandiko wa kitoto. "Mama," binti yangu akasema, "huyu aliyeandika hapa ni nani? Sentensi zake za ajabu." Nikasoma ile ya mwisho: siku moja mama atakuwa amesahau yote.

Mama yangu anaishi nasi sasa. Amezeeka, na kumbukumbu imemtoka. Kibanda cha Sokomatola hakijui, Mama Atupele hamjui, siku nyingine ananiita dada na kuniuliza watoto wangu wako wapi. Lile neno langu nina hakika limekwenda na mengine. Niliomba asahau, na amesahau, na hakuna siku ambayo singemrudishia yote, hata neno lile, ili ajue tu mimi ni nani. Lakini jana nilikuwa nafagia chumbani kwake, nikaokota risiti ya dukani, nikaikunja niitupe. Akanishika mkono. Aliichukua, akaikunjua juu ya goti, akaipangusa kwa ncha ya khanga, akaipekua mbele na nyuma. "Mpe kwanza yule mtoto, aisome," aliniambia. "Isije ikawa ya mwalimu wake."